Kona za milimani: mwendo huamuliwa kabla ya kukunja usukani

Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro umechanwachanwa na mito. Kikafu, Weruweru, Karanga, Rau na mingine mingi midogo inashuka kutoka msituni kwenda tambarare, kila mmoja ndani ya korongo lake, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo wa ardhi ambako watu wana vihamba vyao, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zao. Kwa hiyo barabara za huku ni za aina mbili. Zipo zinazopanda mgongo kutoka chini kwenda juu, kama za Kibosho na Machame. Na zipo zinazokatisha kutoka mgongo huu kwenda ule, kama inayotoka Marangu Mtoni kupitia Mwika hadi Mkuu na Tarakea. Anayetaka kuzielewa kona za Moshi aanzie hapo, maana barabara za aina hizi mbili hazimtegi dereva kwa namna moja.

Barabara ya mgongo ina kona za wastani, lakini mteremko wake ni mrefu. Unashuka, unashuka, gari linaongeza mwendo kidogo kidogo bila wewe kukanyaga chochote, na kona ambayo asubuhi uliipanda kwa gia ya pili ukihema, jioni inakukuta uko kilomita 70 kwa saa. Barabara ya kukatisha makorongo ni nyingine kabisa. Inakutosa bondeni ghafla, chini kuna daraja, halafu inakupandisha. Kona kali mara nyingi iko palepale karibu na daraja, kwa sababu waliojenga walitafuta mahali ambapo korongo ni jembamba ili daraja liwe fupi. Maana yake ni kwamba kona mbaya kuliko zote inakusubiri mahali ambapo gari lina kasi kuliko kwingine kote. Hata barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, ambayo kwa sehemu kubwa imenyooka, inakuonyesha tabia hiyo pale Kikafu, kabla hujafika Boma Ng'ombe.

Nimesikia maelezo mengi ya ajali za kona: breki zilifeli, barabara ilikuwa inateleza, kona imejengwa vibaya. Mara nyingine ni kweli. Lakini ukiuliza vizuri utagundua kwamba jambo lenyewe lilikwisha kuamuliwa mita 50 au 100 kabla, wakati barabara bado imenyooka na dereva bado ana nafasi ya kuchagua. Ndani ya kona machaguo yamebaki machache sana, na sababu yake iko kwenye matairi.

Matairi yanaweza kutoa kiasi gani

Gari likiwa katika mwendo linataka kwenda moja kwa moja. Kinacholigeuza ni msuguano kati ya mpira na barabara, na msuguano huo una kikomo. Kwenye lami kavu, tairi lenye kashata nzuri, yaani meno ya mpira ambayo hayajaisha, hutoa nguvu inayofikia takribani asilimia 70 hadi 80 ya uzito wa gari. Lami ikilowa, kiasi hicho kinaweza kushuka hadi asilimia 40 au 50. Kwenye changarawe iliyolegea au udongo mwekundu ulionyeshewa kinashuka zaidi.

Sasa tupige hesabu ya kona kali ya kijijini, yenye nusu kipenyo cha mita 30 na isiyoinamia upande wowote. Ukiipita kwa kilomita 30 kwa saa, matairi yanadaiwa nguvu ya pembeni sawa na robo ya uzito wa gari. Kwa 40 yanadaiwa asilimia 42. Kwa 50 ni theluthi mbili. Kwa 60 ni asilimia 94, ambayo hata lami kavu haina. Tazama ngazi hizo zinavyopanda: toka 30 hadi 60 mwendo umeongezeka mara mbili, lakini deni limeongezeka mara nne. Ndiyo maana dereva anayesema "nimezidisha kidogo tu" hajui anachosema. Pale kwenye 40, siku ya jua, matairi bado yana akiba, ingawa abiria wataegemea upande. Kona ileile, mwendo uleule, mwezi wa nne mvua ya masika ikinyesha, uko ukingoni. Kwa 50 umekwisha kuuvuka.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawaambiwi wanapojifunza gari. Msuguano ule ni mmoja, na unatumika kwa kazi zote. Ukiutumia kukunja, kinachobaki kwa ajili ya kufunga breki ni kidogo. Ukiutumia wote kufunga breki, hakibaki cha kukunja. Dereva anayeingia kwenye kona kwa kasi halafu akashtuka na kukanyaga breki kwa nguvu analiambia tairi lifanye kazi mbili wakati lilikuwa linaishiwa hata kwa moja. Matairi ya mbele yanajifunga, usukani unakuwa mwepesi mkononi, na gari linaendelea mbele kana kwamba hujakunja. Gari lenye breki za ABS litazuia matairi yasijifunge na litakuachia uwezo wa kuelekeza, lakini haliongezi msuguano hata chembe. Shangingi la milioni mia na Toyota ya mwaka 1998 wanakopa kwenye benki hiyohiyo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: punguza mwendo barabara ikiwa bado imenyooka, weka gia utakayotokea nayo, halafu ndiyo ukunje, mguu ukigusa mafuta kidogo tu ili gari lisiyumbe, na uongeze unapoanza kuona barabara inanyooka tena. Madereva wazee wa malori ya kahawa na mbao walifanya hivyo bila kufundishwa hesabu yoyote, kwa sababu malori yao hayakuwa na breki za kutegemea.

Unaona nini, na unadhani unaona nini

Tuseme mwendo wako uko ndani ya uwezo wa matairi. Bado hujawa salama, kwa sababu kona ya milimani inaficha kinachofuata. Kuna ukuta wa udongo, migomba, ua wa mtu, wakati mwingine kibanda cha bodaboda kimejengwa kabisa kwenye pembe. Swali la kujiuliza ni moja: nikikuta kitu kimesimama pale ninapoishia kuona, nitaweza kusimama?

Kwa kilomita 60 kwa saa, dereva anayehitaji sekunde moja na nusu kushtuka na kufikisha mguu kwenye breki atakuwa amekwenda mita 25 kabla breki hazijaanza kazi. Kwenye lami kavu ataongeza mita 20, jumla 45. Lami ikilowa ni zaidi ya 60. Kwa mwendo wa 40, jumla ni mita 26 kwenye ukavu na kama 32 kwenye maji. Kona nyingi za vijijini hazikupi mita 45 za kuona. Na pale ambapo barabara ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili hayapishani bila mmoja kuingia pembeni, umbali unaouona ugawe kwa mbili, maana anayekuja naye anahitaji nafasi yake ya kusimama.

Kuna mbinu moja ya macho ambayo ningependa kila dereva wa Rombo na Uru aijue. Tazama mahali ambapo ukingo wa kushoto na wa kulia wa barabara vinaonekana kukutana, pale barabara inapotoweka. Unapoikaribia kona, pointi hiyo huwa inaonekana imesimama na wewe unaifuata. Kadiri unavyoisogelea, punguza. Ikianza kusogea mbele kwa mwendo uleule ulio nao wewe, umefika kwenye mwendo unaofaa. Ikianza kukukimbia, kona inafunguka, ongeza mafuta. Lakini ikisogea halafu ikasimama tena katikati ya kona, hiyo ni kona inayozidi kukaza, na hizo ndizo zinazowatoa watu barabarani, kwa sababu mwanzo wake unadanganya. Usifuate mstari wa nguzo za umeme wala vilele vya miti kukisia barabara inaelekea wapi. Nguzo hukata moja kwa moja kuvuka bonde, barabara haiwezi.

Wenyeji watasema hawahitaji haya, kona za kwao wanazijua. Hapo ndipo ninapotofautiana nao zaidi. Unachokijua ni umbo la barabara. Kilichopo juu yake leo hukijui. Mfongo, yaani mfereji wa maji, uliofunguliwa kumwagilia shamba umefurika na kulowesha lami mita kumi, Januari, jua kali, hakuna aliyetegemea maji. Majani ya migomba yameanguka na kukanyagwa mpaka yamekuwa utelezi. Mama anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mzigo umefunika masikio na nusu ya macho. Noah imesimama katikati ya kona kushusha abiria, kwa kuwa abiria kasema "shusha hapo". Bodaboda anashuka amezima injini kubana mafuta, hasikiki kabisa. Mgeni anayetoka Dar es Salaam Desemba kwenda kula Krismasi nyumbani ana hatari zake, amechoka baada ya zaidi ya kilomita 500 na mguu wake bado una mwendo wa barabara kuu. Lakini huyo angalau anaogopa kona asizozijua. Mwenyeji haogopi, na mara nyingi anazipita kwa mwendo wa kumbukumbu wakati macho yake hayajaona chochote.

Ukikuta matawi mabichi au majani ya migomba yamepangwa barabarani, hiyo ni lugha inayoeleweka Tanzania nzima: kuna gari limeharibika mbele, pengine nyuma ya kona hiyohiyo. Ondoa mguu kwenye mafuta kabla hujaliona. Na ikiwa ni lako lililoharibika, weka alama zako kabla ya kona, pande zote mbili. Matawi yaliyowekwa mita tano nyuma ya lori, ndani ya kona, hayamsaidii mtu.

Honi nayo ina kazi yake. Kwenye kona usiyoona mbele, kama zile za kupanda Usangi na Ugweno kutoka Mwanga, kupiga honi fupi ni adabu. Ila usiichukulie kuwa ruhusa. Inamfikia anayesikia tu.

Kona ya kushoto na ya kulia si ndugu

Sisi tunaendesha upande wa kushoto, na jambo hilo linabadilisha hatari kulingana na kona inakokunja. Kona ya kushoto ukiiingia kwa kasi, gari linatanuka kwenda kulia, yaani upande wa anayekuja. Kona ya kulia ukiiingia kwa kasi, linatanuka kushoto, yaani mtaroni, na kwenye barabara za makorongo mtaro wenyewe unaweza kuwa na kina cha nyumba nzima. Barabara nyingi za vijijini zimeinuliwa katikati ili maji yakimbilie pembeni. Kwenye kona ya kushoto mwinamo huo unakusaidia kidogo, unakuegemeza ndani. Kwenye kona ya kulia unakusukuma nje. Kwa hiyo mwendo uliokufaa kwenye ya kushoto unaweza kukutoa kwenye ya kulia, ingawa kwa macho zinafanana.

Halafu kuna kukata kona. Huyu ni dereva anayepita kona ya kulia kwa kuibana ndani, anavuka katikati ili apite kama pamenyooka. Anajisikia fundi. Sasa mkutanishe na anayetoka upande wa pili: kwa huyo ni kona ya kushoto, yuko ndani, ukuta wa udongo umemziba, haoni kitu. Mkataji anamkuta uso kwa uso kwenye upande wake halali, na hakuna pa kukwepea kwa sababu kushoto ni ukuta.

Vitabu vya udereva vya Ulaya vinashauri kwamba kwenye kona ya kushoto, kwa nchi zinazoendesha kushoto kama Uingereza, usogee kidogo kuelekea katikati ili uone mbali zaidi. Ushauri ni sahihi kwa barabara pana zenye mistari iliyochorwa na watu wanaoiheshimu. Kwa barabara ya kwenda Old Moshi sikushauri. Ni bora ubaki kushoto, uone kidogo, na uende polepole kwa kiasi hicho kidogo unachokiona. Pikipiki hili linawahusu zaidi, maana dereva wake anapolala kwenye kona ya kulia kichwa na bega vinaweza kuvuka katikati hata kama magurudumu yako upande wake.

Kushuka

Breki zinafanya kazi kwa kubadili mwendo kuwa joto, na joto hilo halina pa kwenda haraka. Gari dogo la tani moja na nusu likishuka kimo cha mita 500, na ukaamua kulishikilia kwa breki peke yake, joto linalozalishwa lingetosha kuchemsha ndoo ya lita 20 ya maji ya baridi. Fuso iliyobeba tani nyingi izidishe mwenyewe. Pedi zikishika moto kupita kiasi zinapoteza mkwaruzo, na mafuta ya breki ya zamani, ambayo huwa yamenyonya unyevu, yanaweza kuchemka ndani ya bomba. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Ndipo unakanyaga pedeli na mguu unazama hadi chini bila kitu kutokea.

Dawa ni injini. Weka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, na uache injini ilishike gari. Madereva wa malori wana kipimo chao kizuri: shuka na gia uliyopandia. Gari la otomatiki nalo lina nafasi hiyo, imeandikwa 2, L, S au B kulingana na aina, na wengi hawajawahi kuigusa tangu wanunue. Breki utumie kwa kukanyaga kwa uthabiti na kuachia, mguu usikae juu yake safari nzima.

Tabia ya kutoa gia na kuliachia gari lishuke lenyewe ili kubana mafuta siielewi hata kidogo. Magari ya kisasa yenye mfumo wa sindano za kielektroniki hukata mafuta kabisa unaposhuka ukiwa ndani ya gia bila kukanyaga ekseleta. Ukitoa gia, injini inalazimika kuunguza mafuta ili isizime. Yaani unahatarisha watu ili utumie mafuta zaidi.

Maji na mteremko vikikutana ndipo mambo yote niliyoeleza yanapokutana pia. Tarehe 6 Mei 2017, asubuhi ya mvua, basi dogo lililobeba wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia katika korongo la Mto Marera, Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Anayepita pale akitoka Mto wa Mbu kupanda kwenda Karatu ataona mwenyewe jinsi barabara inavyopita kati ya vilima na makorongo. Mbele zaidi, kutoka geti la Lodoare kupanda ukingo wa Ngorongoro, udongo mwekundu ukilowa hata magari yenye kuvuta magurudumu manne huteleza yakishuka, kwa sababu kuvuta manne kunasaidia zaidi wakati wa kupanda. Wakati wa kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu manne.

Mzigo uliobebwa juu una mambo yake. Noah au Hiace yenye mikungu ya ndizi juu ya paa na watu wamebanana ndani imepandisha uzito wake mbali na ardhi. Gari la namna hiyo linaweza kupinduka kabla matairi hayajaanza kuteleza, yaani dereva hapati hata ile dalili ya kuteleza ya kumwonya. Abiria wakiegemea wote upande mmoja, huo ndio wakati wa kusema "dereva, polepole", na kusema kwa sauti.

Usiku, kwa ajabu, kona nyingine zinakuwa rahisi, kwa sababu mwanga wa anayekuja unaanza kupaka migomba kabla yeye hajatokea. Ukungu wa Juni na Julai kule juu Kibosho na Marangu unafuta faida hiyo. Washa taa za chini, maana taa kubwa zinarudishwa usoni kwako.

Umekwisha kuingia kwa kasi

Hutokea hata kwa mwangalifu. Ukiwa bado na mita chache zilizonyooka, zitumie zote kufunga breki kwa nguvu, halafu achia na ukunje. Ukiwa tayari umekunja na gari lina ABS, kanyaga na uendelee kuelekeza. Kama halina, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, gusa breki kidogo kidogo, na macho yaangalie unakotaka kwenda, usiutazame mti, kwa sababu mikono hufuata macho. Usukani usiuzidishe; tairi la mbele lililokwisha kuteleza ukilikunja zaidi linateleza zaidi.

Na magurudumu ya kushoto yakitoka kwenye lami, ambayo kwenye barabara zetu mara nyingi iko juu ya udongo kwa urefu wa kiganja au zaidi, usiyavute kurudi papo hapo. Tairi litasugua ukingo wa lami, litakataa kupanda, utaongeza usukani, na likikubali litapanda ghafla likiwa limekunjwa sana na kukurusha upande wa pili, kwa anayekuja. Shikilia usukani ulivyo, acha gari likimbie nusu lami nusu udongo, punguza mpaka mwendo wa kutembea ikibidi, hakikisha hakuna anayekuja, ndipo upandishe gurudumu.